Mboga ya Bure Kibomet

Nilikaribia kuwalisha watoto wangu dawa ya kuua magugu, na sikuwa mlevi wala mwendawazimu. Nilikuwa tu mama aliyechoka kununua sukuma wiki. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani nakuletea habari za mapishi. Watoto wenyewe wako hai, wananisumbua kila siku, na mmoja sasa hivi anapiga kelele mlangoni akitaka kujua tutakula saa ngapi. Kila nikisikia kelele hiyo nasema asante, kisha namwambia aniache niandike.

Nilizaliwa Bumula, nikaolewa huko huko Bumula, na kwa miaka tisa nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, naenda asubuhi, narudi jioni. Kisha barua ya uhamisho ikaja. Kitale! Watu walinipongeza kana kwamba nimeshinda bahati nasibu. "Huko ndiko chakula kiko," shemeji yangu aliniambia. "Utanenepa mpaka tukusahau sura." Nami nikaamini. Si Kitale ndiyo inayolisha nchi hii mahindi? Akilini mwangu nilishaona magunia yamepangwa kando ya barabara, watu wanabembelezwa wayachukue.

Mume wangu, mzee wa kanisa, alibaki nyumbani na miwa yake na wazazi wake. Mimi nikaja na wasichana wetu wawili, mkubwa wa miaka minane na mdogo wa minne. Mwenzangu ofisini aliyekaa mtaa wa Tuwan alinitafutia nyumba kule, akakosa ya kunifaa, basi nikaangukia mtaa wa Kibomet, chumba na sebule kwenye ploti ya milango minane. Siku ya kwanza nilitaka kupika chai, nikamuuliza jirani maji yako wapi. Jirani huyo aliuza mitumba, na mdomo wake haukuwa na breki. "Maji ni ya kununua, mami," akasema. Nikauliza kuni. "Kuni? Kwani unataka kuchoma nyumba ya wenyewe? Hapa ni makaa ama gesi." Nikauliza mboga huchumwa wapi. Hapo alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini ndivyo nilivyojua maisha, jameni. Bumula sikuwa tajiri hata kidogo, ila kulikuwa na vitu vingi ambavyo sikujua vina bei. Maji yalitoka kwenye chemchemi. Ndizi zilikuwa nyuma ya jikoni. Yai lilitoka kwa kuku aliyekuwa akinikanyagia unga. Mshahara wangu mdogo ulikuwa wa karo, sabuni na sadaka, na ulitosha tosha hivi. Kitale mshahara ule ule ulikufa kabla ya tarehe kumi. Nyanya moja inauzwa peke yake, imekaa kwenye meza ikijiona. Mafuta unapimiwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Na mahindi, ndani ya Kitale yenyewe, nilikuwa nayanunua kwa gorogoro, mkebe kwa mkebe, huku shamba la mtu linaonekana dirishani mwangu, ekari kwa ekari, kijani mpaka macho yanauma. Hilo lilinikera kuliko yote. Ningekuwa jangwani ningevumilia.

Nikaanza ujanja. Kila mwisho wa mwezi niliteremka Bumula na kurudi na gunia: mahindi, maharagwe, viazi vitamu, ndizi. Stendi ya Bungoma walinizoea. "Huyu mama anapeleka mahindi Kitale!" mpakizi mmoja aliwaita wenzake waje waone. "Ukitoka huko utapeleka samaki Kisumu?" Nilimjibu maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hafai kuyaandika. Lakini alikuwa na haki, kwa sababu nauli yangu na ya gunia ilimeza karibu faida yote, na mboga za majani hazikuwahi kufika zikiwa na sura ya chakula. Mboga ndiyo ilinishinda. Ugali bila mboga unaulaje? Wasichana wangu walianza kula ugali na chai ya rangi siku mbili kwa wiki, kisha tatu.

Sasa nieleze desturi moja ya kwetu, kwa maana bila hiyo utaniona mwizi. Bumula mvua ikishanyesha na mahindi yakifika magotini, katikati ya mistari huota mboga ambazo hakuna aliyezipanda: saga, managu, mrenda. Hizo hazina mwenyewe. Shamba ni la mtu, mahindi ni ya mtu, lakini saga iliyojiotea ni ya mwanamke yeyote mwenye kikapu. Unaingia, unainama, mwenye shamba akikuona anakusalimia, "Mulembe!" nawe unaitikia, na akiwa na roho nzuri anakuambia upande ule mwingine ndio kumejaa. Kwa kweli unamsaidia kupalilia. Mama yangu alichuma hivyo, mama mkwe anachuma hivyo, na sijawahi kuona ugomvi hata mmoja.

Jumamosi moja, mvua za masika zimekolea, nilitoka kununua makaa nikapita njia ya ndani kando ya shamba moja kubwa pembeni mwa Kibomet. Mahindi yalikuwa magotini. Na katikati ya mistari, mayi wee, saga! Saga nene, laini, ya kung'aa, na managu yamechanganyika humo, kama karamu iliyoandaliwa halafu wageni hawakuja. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Miezi mitatu nanunua majani ya kufunga kwa uzi, na hapa Mungu amemwaga bure! Sikuangalia huku wala huku. Nilipita kwenye pengo la ua, nikafungua kiunoni leso yangu ya bluu, nikaanza kuchuma kwa mikono miwili.

Leso ilikuwa imeshajaa niliposikia sauti. Mbali kabisa, mwisho wa shamba, mwanamke mzee alikuwa amesimama akipunga mkono. "Wewe! Wewe mama! Simama! Wachana na hiyo!"

Nikajua nimekosea ingawa sikujua nini. Kwanza nilitembea kama mtu mwenye heshima zake, kisha nikageuka nikaona yule mama anakuja, anakuja kweli, anachechemea katikati ya mahindi, na bado anapiga kelele. Nikakimbia. Karani wa serikali, mke wa mzee wa kanisa, mbio na leso ya majani kichwani! Makaa niliyasahau.

Nilipofika nyumbani aibu ilikuwa imeshageuka hasira, kwa sababu ndivyo nilivyo, aibu haikai kwangu dakika tano bila kugeuka hasira. Nilikaa kwenye kigoda na msichana mkubwa, tunachambua majani, mimi naunguruma. "Magugu! Ananifukuza kwa magugu! Watu wa huku hata magugu wanayatia bei." Nilisema na mengine juu ya watu wa huku, walikotoka na walivyopata mashamba, maneno ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia kutoka kinywani mwangu. Nayataja bila kuyarudia. Kisha nikaosha mboga mara moja tu, maji yakiwa ya kununua, nikabandika sufuria kwenye gesi.

Wanaoijua saga wanajua haina haraka. Ni chungu, lazima ichemke sana, umwage maji, utie maziwa, uirudishe tena motoni. Ingekuwa sukuma ningeshapakua. Ilichemka, harufu ya kwetu ikajaa chumba, na hasira yangu ikaanza kulegea. Yule mdogo alikuwa akizunguka sufuria akiuliza, "Imeiva? Sasa imeiva?" Nilimwambia atoke nje acheze.

Sauti ilirudi kama saa moja hivi baadaye, langoni. Nilimsikia jirani wa mitumba akisema, "Leso ya bluu? Huyo ni wa kwetu, ni mama wa Bungoma, nyumba ya tatu." Nikasema moyoni, leo ni leo. Kulikuwa na saga iliyobaki kwenye karai, bado haijapikwa. Niliibeba yote mikononi nikatoka nayo.

Yule mama alikuwa amesimama uani, mfupi, mwenye kitambaa cheupe kichwani, anahema mpaka mabega yanapanda. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cha plastiki. Ule mwingine ulikuwa peku, umejaa tope mpaka kwenye kifundo. Sikuuliza kwa nini. Nilimwaga majani yale mbele ya miguu yake, nikimwita shosho, kama wanavyoita bibi huku.

"Shika mali yako, shosho! Ni majani tu! Kwetu hata mbuzi hafukuzwi kwa majani!"

Milango yote minane ilikuwa wazi, watu wanatazama. Yeye hakuangalia majani. Aliniangalia mimi.

"Mmekula?"

"Kwani nikila itakuwaje? Utanipeleka kwa chifu?"

"Wee mami, nimekuuliza MMEKULA?" Akatoa chupa kwenye mfuko wa karatasi, ya plastiki, yenye picha ya fuvu. "Shamba imepigwa dawa leo asubuhi. Hiyo yote ni dawa. Ngai, Mungu wangu, niambie kama watoto wamekula!"

Ule mng'ao niliousifu shambani! Niligeuka kusema, bado, haijaiva, Mungu ni mkubwa, bado. Na mlangoni akasimama yule mdogo, aliyekuwa amerudi ndani bila mimi kujua, ameshika mwiko, na kidevuni mchuzi wa kijani.

"Ni chungu," akasema.

Nilipiga ukemi. Sijui nilisema nini. Yule mzee hakupiga ukemi. Alimnyakua mtoto, akamfuta mdomo kwa kile kitambaa chake cheupe, akamsukutua kwa maji ya mtungi wa jirani, akamuuliza polepole kama mtu mwenye siku nzima, "Umekunywa kijiko ngapi, mjukuu wangu? Moja? Mbili?" Mtoto akaonyesha vidole viwili. Kisha akamgeukia jirani: "Ita bodaboda mbili. Na hiyo sufuria mtu asiiguse." Jirani wa mitumba alitoka mbio kuelekea barabarani.

Mimi na mdogo tulipanda pikipiki ya kwanza, yeye na mkubwa ya pili. Njia nzima nilikuwa nambana mtoto kifuani na kumwambia Mungu maneno ya kijinga: kwamba sitalalamika tena, kwamba nitakula ugali mkavu mpaka nife, kwamba nyanya ziuzwe bei yoyote watakayo. Mtoto alikuwa akifurahia pikipiki.

Kwenye kituo cha afya, daktari wa zamu aliuliza swali moja tu, amekula nini, na kabla sijafungua kinywa yule mzee akaiweka chupa mezani. Daktari aliisoma mbele na nyuma. Alisema wengi huja bila chupa, na hapo tiba inakuwa ya kubahatisha. Ndipo nilipoelewa kwa nini shosho alichelewa saa nzima. Aliponikosa njiani alirudi kwake, mguu peku, kutafuta chupa kwenye takataka, kisha ndipo akaanza kupita lango kwa lango Kibomet nzima akiuliza mama mwenye leso ya bluu. Kiatu kilinasa kwenye tope la shamba wakati wa kunikimbiza. Hakukirudia.

Tulikaa kwenye benchi tangu saa nane mpaka jua likaanza kushuka. Walimpima mtoto, wakampima tena, wakamnywesha vitu, wakamwangalia macho. Aliomba biskuti. Shosho akamuuliza daktari kama anaruhusiwa biskuti, daktari akasema sasa anaruhusiwa, mwende nyumbani, mkiona anatapika mrudi mara moja. Nililia pale kama mtoto, kamasi na yote. Yeye alikuwa akinipapasa mgongo akisema, "Basi, mami. Basi. Imeisha."

Nilimwambia nimemkosea. Nilimwambia mpaka yale niliyosema nyumbani mbele ya msichana wangu juu ya watu wa huku, kwa sababu niliona nikiyameza yataniozea ndani. Alisikiliza. Akasema, "Hata mimi nilisema vitu juu ya watu ya Bungoma wakati nakufuata. Tuachie hapo." Tukacheka, wote wawili macho mekundu.

Nimefikiri sana juu ya alasiri ile. Njia rahisi ilikuwepo, ya kunyamaza. Angeniona nakimbia akasema, shauri yake, nani alimtuma kwenye shamba la watu? Hakuna ambaye angejua. Hakunijua jina, kabila alilikisia kwa namna nilivyofunga leso, na nilikuwa nimemkanyagia mahindi. Akakimbia hivyo hivyo, na goti bovu.

Alitusindikiza mpaka nyumbani ahakikishe ile sufuria imemwagwa kwenye shimo na kufukiwa. Alipoingia ndani nikaona anatazama. Hakutazama kwa udaku, ila chumba ni kidogo, macho hayana pa kwenda. Kibao cha vyombo kilikuwa na unga, chumvi, majani ya chai. Basi. Nikasonga ugali kwa sababu watoto walikuwa na njaa, nikachemsha chai ya rangi, nikamkaribisha huku uso unaniwaka. Mwanamke mwenye ekari zote zile aliketi kwenye kigoda, akanawa mikono, akala ugali na chai pamoja nasi, akaomba aongezewe. Hakuuliza mboga iko wapi. Namshukuru kwa hilo kama ninavyomshukuru kwa ile chupa.

Baada ya hapo tulikuwa tukisalimiana kanisani kwao na kwetu, kwenye harusi, njiani. Mwaka ukageuka. Mishahara haikugeuka, na bei zilipanda zaidi, kama unavyojua mwenyewe. Mahindi mapya yalipofika magotini alinipigia simu. "Kuja Jumamosi," akasema. "Na ubebe leso."

Nilimkuta shambani na kijana wa kupiga dawa, pampu mgongoni, amenuna. "Mama huyu ameniambia niruke mistari mitatu yote ya upande wa ua," kijana akaniambia, kana kwamba mimi ndiye jaji. "Magugu yatamwaga mbegu shamba nzima. Mwakani atalia."

Niliangalia. Mistari mitatu, tangu pengo la ua mpaka mwisho kabisa kule chini, ilikuwa imejaa saga. Shamba lingine lote lilikuwa safi kama sakafu. Mimi ni mtoto wa shamba, najua hesabu hiyo. Mahindi ya mistari ile yalikuwa yameshaanza kuwa manjano kwa kubanwa, na vibarua wa kupalilia kwa jembe wangemgharimu mara nyingi zaidi ya sukuma yangu ya mwaka mzima.

"Shosho," nikasema, "hii ni hasara. Si bora ungeninunulia mboga tu?"

"Nikikununulia utachukua mara moja," akasema. "Ya pili utakuja umeinamisha kichwa. Ya tatu hutakuja, na watoto watakunywa chai na ugali. Mimi nilikaa kwako, niliona. Hii ni yako, hakuna mtu anakupatia. Ingia uchume."

Nikafungua leso, nikainama katikati ya mistari, nikachuma huku machozi yananitoka, naye akageuka upande ule mwingine akaanza kumgombeza kijana wa pampu kwa sauti kubwa, bila kosa lolote, mpaka nikamaliza.